Sura ya Sita: Robo Kilo ya Salfa

Malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita Barabara ya Mandela, hukata kona Ubungo, kisha hupanda kilima cha Kimara kwa gia ndogo. Mkazi wa Baruti, Korogwe au Temboni amezoea kuyasikia usiku kucha. Yakirudi kutoka bara yanaleta shaba. Yakienda yanabeba mafuta, ngano, mbolea, na mara nyingi salfa: chembe za njano zilizofunikwa turubai, zinazopelekwa kwenye migodi ya upande wa Ndola, Lubumbashi na Kolwezi. Huko huchomwa, moshi wake hukamatwa na kugeuzwa asidi ya salfa, na asidi hiyo humwagiwa mawe yaliyosagwa ili shaba na kobalti ziyeyuke na kutoka.

Mzigo huu una historia ya kuchekesha kidogo. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani siku hizi haichimbwi. Hutolewa ndani ya mafuta na gesi, hasa kwenye mitambo ya nchi za Ghuba, kwa sababu sheria za nchi nyingi haziruhusu tena ichomwe kwenye injini na kwenye mitambo ya umeme. Miaka hamsini iliyopita salfa ya namna hii ingepanda angani kupitia bomba la moshi, ingechanganyika na mawingu, na ingeshuka kama mvua ya asidi juu ya msitu fulani wa Ulaya au Amerika Kaskazini. Leo inashushwa kwa meli Kurasini na kupitishwa Kimara kwa lori. Sura hii inaifuata salfa hiyo, maana mvua ya asidi ni jambo linaloeleweka haraka zaidi ukiuliza salfa iko wapi, inachomwa na nani, na inaangukia udongo gani.

Tuanze na mvua yenyewe. Hakuna mvua isiyo na uchachu hata kidogo. Hewa ina kaboni dioksidi, na tone la maji likipita humo hubeba kiasi chake na kuwa asidi hafifu. Kwenye kipimo cha pH, ambacho 7 ni maji yasiyoegemea upande wowote, mvua safi husimama karibu na 5.6. Kipimo hiki kina hila yake: kila ukishuka namba moja, asidi imeongezeka mara kumi. Mvua ya 4.6 ina asidi mara kumi ya ile ya 5.6, na ya 3.6 ina mara mia. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mvua ya mahali fulani imeshuka kutoka tano na nusu hadi nne, asidhani ni jambo dogo.

Zinazoishusha hasa ni gesi za aina mbili. Dioksidi ya salfa hutoka kwenye makaa ya mawe, mafuta mazito na uyeyushaji wa madini, nayo hugeuka angani kuwa asidi ya salfa. Ni asidi ile ile ambayo fundi betri wa Kimara Bucha anaiita maji ya betri, isipokuwa ndani ya mvua imezimuliwa mno. Oksidi za nitrojeni hutoka kwenye injini, kwenye moto wa nyika, hata kwenye radi, nazo huwa asidi ya naitriki. Upepo huzibeba zote mbili mamia ya kilomita, na ndiyo sababu kwa muda mrefu aliyezalisha moshi na aliyepoteza samaki hawakujuana.

Robert Angus Smith, mkemia wa Manchester, aliandika juu ya mvua chachu ya mji ule wa viwanda tangu mwaka 1852. Dunia haikushtuka. Mwaka 1967 Svante Odén, mtaalamu wa udongo wa Sweden, aliandika gazetini kwamba moshi wa Uingereza na Ujerumani unachachusha maziwa ya nchi yake, na hapo ndipo wanasiasa walipoanza kusikiliza. Mwaka 1979 mataifa yalitia saini mkataba huko Geneva kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka, na Marekani iliibana mitambo yake ya umeme kwa sheria ya mwaka 1990. Meli nazo, ambazo zilikuwa zikichoma mafuta yenye salfa ya asilimia 3.5, zililazimishwa kushuka hadi asilimia 0.5 kuanzia tarehe 1 Januari 2020, zikiwemo zile zinazotia nanga nje ya bandari yetu zikisubiri zamu. Hiyo ni historia kwa ufupi wake, na imeandikwa vizuri kwingine.

Je, mvua ya Kimara ni ya asidi? Anga la Kimara lina mengi ya kulalamikiwa, lakini salfa haiko mbele kwenye foleni hiyo. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, wakati zamani mamia na hata maelfu yaliruhusiwa. Mitambo ya umeme ya Ubungo imekuwa ikichoma gesi ya Songo Songo tangu mwaka 2004, na gesi hiyo haina salfa ya kuhesabika. Mkaa wa kuni, pamoja na dhambi zake zote kwa misitu, nao una salfa kidogo. Moshi mweusi unaomfanya abiria afunge dirisha ni masizi. Unaumiza mapafu, na sura nyingine ya kitabu hiki inaushughulikia.

Halafu kuna vumbi. Mama wa Kimara anayefuta meza mara mbili kwa siku hawezi kulisifia, na simlaumu. Lakini vumbi la barabara, la udongo mkavu na la mawe ya chokaa ya ukanda wa Wazo lina kalsiamu ndani yake, na kalsiamu hiyo huzimua asidi kabla tone halijafika chini. Jambo hili limepimwa sehemu nyingi za Afrika: mvua ya nchi kavu zenye vumbi haichachuki kirahisi.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata waandishi wazoefu. Katikati ya misitu minene ya Afrika ya Kati, mbali na kiwanda chochote, mvua hupimwa ikiwa na pH karibu na 5, wakati mwingine chini yake. Anayesoma namba peke yake atatangaza janga. Sehemu kubwa ya uchachu huo hutokana na asidi za fomiki na asetiki, zinazotoka kwenye miti yenyewe na kwenye moto wa nyika. Zikifika ardhini, vijidudu huzila na habari yake inaisha. Asidi ya salfa haina wa kuila. Inabaki, inazama, na inatembea na maji. Mvua mbili zenye namba moja ya pH zinaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa kwa msitu, na tofauti hiyo inaamuliwa chini ya majani makavu, ndani ya udongo.

Chembe za udongo wa mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, na chaji hiyo hushika vitu vyenye chaji chanya: kalsiamu, magnesiamu, potasiamu. Mizizi huvikuta hapo. Sasa fikiria basi la mwendokasi pale Kimara Mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Viti vimekaliwa na kalsiamu na magnesiamu. Mlango unafunguka, hidrojeni za asidi zinaingia kwa fujo, nyingi kuliko viti, na zinawainua waliokaa. Walioinuliwa hawakai wamesimama kwa muda mrefu. Maji yanawashusha, na salfeti, ambayo ndiyo iliyoingia pamoja na hidrojeni, inaondoka nao mpaka mtoni. Msitu hauoni kitu mwaka wa kwanza, wala wa kumi. Majani ni mabichi, ndege wapo, mwenye msitu anavuna mbao zake. Kinachopungua hakionekani kwa macho.

Kalsiamu ikishapungua sana na pH ya udongo ikishuka chini ya 5, huingia mgeni mbaya zaidi. Udongo karibu wote wa dunia umejaa alumini, lakini kwa kawaida alumini hiyo imefungwa ndani ya madini na haimdhuru mtu. Asidi huifungua. Alumini iliyoyeyuka hushambulia ncha za mizizi midogo, ile inayokunywa, ikaifanya kuwa mifupi, minene na butu. Pia huziba njia ambayo mzizi ungepitishia kalsiamu kidogo iliyobaki. Mti hauuawi na asidi moja kwa moja. Unadhoofishwa, kisha ukame, baridi, wadudu au kuvu humalizia kazi, na anayekuja kuchunguza huandika kwamba umeuawa na wadudu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bernhard Ulrich wa Chuo Kikuu cha Göttingen alipima kwa subira misonobari ya mlima Solling, Ujerumani, na kueleza mlolongo huu hatua kwa hatua. Wengine walimwona mtu wa kutisha watu. Utabiri kwamba misitu yote ya Ujerumani ingekufa haukutimia, kwa kiasi fulani kwa sababu moshi ulipunguzwa kwa wakati. Kemia yake ya udongo, hata hivyo, imesimama.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka New Hampshire, Marekani, kwenye msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, ambako Gene Likens, Herbert Bormann na wenzao walianza kupima mvua na vijito mwaka 1963. Baada ya miaka mingi ya kuona kalsiamu ikitoka kwenye udongo kwenda mtoni kwa wingi kuliko inavyoingia, watafiti waliamua kuirudisha. Mwezi Oktoba 1999 helikopta ilinyunyiza madini ya kalsiamu juu ya bonde dogo la hekta zipatazo 12. Misonobari yake, iliyokuwa ikiunguzwa na baridi mara kwa mara kwa sababu seli za majani zilikosa kalsiamu ya kuimarisha utando wao, ikavumilia baridi kuliko ile ya jirani. Miti ya jamii ile ambayo jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada ikaongeza majani na miche yake ikashika. Hakuna aliyeiondoa asidi iliyokwisha kunyesha. Walirudisha kilichoibiwa, na msitu ukaitika.

Turudi kwenye udongo wetu. Kimara imekaa juu ya vilima vya udongo mwekundu wa mchanga na mfinyanzi, unaojulikana na kila aliyejenga huko kwa jinsi unavyochimbwa na maji ya masika na kuacha makorongo kati ya nyumba. Wekundu huo ni oksidi za chuma, na pamoja nazo zipo za alumini. Oksidi hizi zina tabia ambayo udongo wa Skandinavia hauna kwa wingi: hushika salfeti. Salfeti ikishikwa haiondoki na kalsiamu, na uharibifu unachelewa kwa miongo. Ni faida, ingawa ina masharti. Katika milima ya kusini mwa Appalachia, Marekani, udongo mwekundu ulishika salfeti kwa muda mrefu, kisha mvua ilipokuwa safi tayari, udongo ukaanza kuiachia polepole, na vijito vikachelewa kupona.

Ukivuka bonde la Msimbazi kuelekea kusini unafika Pugu, na huko unaona mwisho wa safari ambayo udongo wote wa joto unaielekea. Vilima vya Pugu vina akiba kubwa ya kaolini, ule mfinyanzi mweupe unaotumika kwenye vyombo vya kauri na karatasi. Kaolini ni kile kinachobaki baada ya maji yenye uchachu hafifu kuosha madini ya feldspari kwa muda usiohesabika kwa maisha ya binadamu: potasiamu imeondoka, kalsiamu imeondoka, sodiamu imeondoka, imebaki silika na alumini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imesimama juu ya ardhi ya namna hiyo, na inaishi kwa kurudisha tena na tena kalsiamu ile ile kutoka kwenye jani lililoanguka kwenda kwenye mzizi. Ukikata mti, ukauchoma tanuri na kupakia magunia ya mkaa kwenye pikipiki, unaondoka na sehemu ya kalsiamu hiyo. Majivu yake yanamwagwa jalalani Manzese. Kwa misitu hii miwili, mkaa na upanuzi wa makazi ni hatari kubwa mara nyingi kuliko mvua yoyote. Lakini kwa udongo, njia zote mbili zinafika mahali pamoja.

Vijito nilivitaja kwa haraka, na kwa Dar es Salaam haraka inatosha. Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander, unaugua maji taka, taka ngumu na mabaki ya viwanda. Ukipima asidi humo utakuwa unampima mgonjwa wa malaria urefu. Kwenye vijito vya misitu iliyochachuka hali ni tofauti kabisa: maji huwa maangavu ajabu, mazuri kuyatazama, kwa sababu karibu kila kitu kilichokuwa kikiishi ndani yake kimekufa. Alumini iliyosombwa kutoka kwenye udongo hunata kwenye matamvua ya samaki na kuwakaba. pH ikishuka chini ya 5 mayai ya samaki wengi hayaanguliwi, na kabla ya hapo konokono wamekwisha kutoweka, kwa kuwa ganda lao ni kalsiamu. Mwaka 1975 samaki aina ya trauti walielea kwa maelfu wakiwa wamekufa katika mto Tovdal, Norway, theluji yenye asidi ilipoyeyuka kwa mkupuo.

Maji ambayo mkazi wa Kimara anakunywa yanapita mbali na msiba huo. Matangi makubwa ya Kimara hujazwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, ambayo baadhi ya miamba yake ina feldspari yenye kalsiamu nyingi. Maji yanayochuruzika juu ya miamba ya namna hiyo hujizimua yenyewe yakiwa njiani. Uluguru ina shida zake, ila kwa suala la asidi mlima ule umeumbwa na kinga.

Mahali ambapo Mswahili ananyeshewa mvua ya asidi halisi, tena bila kiwanda, ni Goma. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya asili vya dioksidi ya salfa duniani. Baada ya mlipuko wa Januari 2002 ziwa la lava lilirudi ndani ya shimo la Nyiragongo, na vipo vipindi ambapo gesi hiyo ilipimwa ikitoka kwa makumi ya maelfu ya tani kwa siku moja. Upepo huipeleka zaidi magharibi. Vijiji vya upande huo huona majani ya maharage na migomba yakibabuka baada ya mvua, na mabati yakitoboka kabla ya umri wake. Tatizo linazidi kwa sababu ardhi ya lava ina matundu, maji hayakai juu, vijito ni adimu, na watu hukinga maji ya mvua kwenye mapaa ili wapate ya kunywa. Pamoja na asidi, mvua hiyo hubeba pia floraidi ya volkano, inayoharibu meno ya watoto.

Goma, hata hivyo, inafundisha jambo ambalo Solling isingeweza kulifundisha. Lava ya huko ni changa na imejaa kalsiamu na magnesiamu. Asidi ikianguka juu yake, jiwe lenyewe huizimua na katika kuyeyuka hutoa chakula cha mmea. Jani linaungua, udongo unapona. Msimu ukipita volkano ikatulia, shamba lile lile linatoa viazi na maharage ambayo mkulima wa Kimara angeyaonea wivu. Asidi ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili ni jiwe lililo chini.

Sasa tutafute nchini Tanzania mahali ambapo salfa ni nyingi na jiwe la chini ni maskini. Tutafika kwenye shamba la mikorosho.

Mkorosho uliletwa pwani yetu na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na hadi leo mizee kadhaa imesimama kwenye viwanja vya Mbezi na Kibamba, ikitoa kivuli kwa magari. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijijini kuliwatenga wengi na miti yao, bei zilikatisha tamaa, na ukaongezeka ugonjwa wa ubwiri unga, kuvu inayofunika machipukizi na maua kwa unga wa kijivu mpaka yakakauka. Dawa iliyopatikana, rahisi na yenye nguvu, ilikuwa unga wa salfa. Mkulima wa Newala, Tandahimba au Mkuranga anaamka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, anabeba mashine ya kupulizia mgongoni, na anapiga wingu la njano mti kwa mti. Zao likafufuka. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani zaidi ya 300,000, na katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikigawa maelfu ya tani za viuatilifu hivi kwa ruzuku. Sina ugomvi na salfa kama dawa. Bila yake mikoa ya kusini isingekuwa na zao la kuitwa zao.

Lakini tufanye hesabu. Ushauri wa kawaida umekuwa robo kilo hivi kwa mti, kila baada ya wiki mbili, mpaka raundi tano kwa msimu. Lita moja ya dizeli ya leo haina zaidi ya miligramu 42 za salfa. Kwa hiyo robo kilo inayopulizwa asubuhi moja kwenye mkorosho mmoja ni sawa na salfa iliyomo ndani ya lita 6,000 za dizeli. Lori la mafuta la lita 36,000 linalopanda Kimara kwa kelele halina salfa ya kutosha kupulizia miti saba mara moja.

Endelea kidogo. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 lina miti ipatayo 70 kwa hekta. Raundi tano ni kilo 87 za salfa kwa hekta kwa mwaka. Misonobari ya Solling, ile iliyoitia Ujerumani hofu, ilikuwa ikipokea kilo zipatazo 80. Ni kweli kwamba ulinganisho huu si kamili, maana sehemu ya vumbi hupeperushwa kwenda kwa jirani, na si wakulima wote wanaofikisha raundi tano. Hata ukikata nusu, bado unazungumzia kiasi ambacho Ulaya ilikiitia mikutano ya mawaziri.

Salfa ya unga si asidi inapoanguka. Inakaa juu ya mchanga kipindi chote cha kiangazi bila kufanya lolote. Mvua zikianza mwisho wa mwaka, bakteria wa jamii ya Thiobacillus huamka, huila salfa kwa ajili ya nguvu zao, na hutoa asidi ya salfa. Kila kilo moja ya salfa inayomalizwa na bakteria hao huzaa kilo tatu za asidi, na kuzimua asidi hiyo kunahitaji kilo tatu na ushei za chokaa. Kwa hekta yetu ni kilo 270 za chokaa kila mwaka, ili tu udongo ubaki ulipokuwa. Katika miaka ya 1990 Amos Majule na wenzake walichunguza mashamba ya mikorosho ya kusini mwa Tanzania na kuonyesha kwamba upuliziaji wa salfa unachachusha udongo wa juu na kupunguza madini yake ya lishe, na kwamba udongo wa kichanga ndio unaoumia upesi. Mchanga hauna viti vingi. Uwanda wa Makonde, kitovu cha korosho, una mchanga mwingi; udongo mwekundu wa mfinyanzi, kama ule wa Nachingwea, una kinga zaidi.

Mbona basi mikorosho haifi? Kwa sababu mkorosho ni mti uliozoea dhiki. Unavumilia udongo wenye pH ya 4.5, mizizi yake huenda mbali na chini sana, na mwaka hadi mwaka unaendelea kutoa. Muhogo ulio kando yake nao unavumilia alumini kuliko mazao mengi. Mkulima akitazama mti na muhogo ataona hakuna tatizo, na atakuwa na haki ya kuona hivyo. Wanaoumia ni waliopandwa chini na katikati: mahindi, kunde, mbaazi, na zaidi ya wote karanga. Karanga hunyonya kalsiamu kupitia ganda lenyewe likiwa ardhini, si kwa mizizi pekee, na ikikosekana ganda hukua vizuri likiwa halina kitu ndani. Kwenye kaya ambayo korosho ni fedha ya mwaka na karanga na kunde ni mboga ya kila siku, hasara hiyo haionekani kwenye takwimu za mnada.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimezalisha aina za mikorosho zinazostahimili ubwiri unga, na dawa za maji zimeanza kuchukua nafasi ya unga kwa baadhi ya wakulima. Kukagua mti kwanza na kupulizia ugonjwa unapoonekana, badala ya kufuata kalenda, kunapunguza raundi. Chokaa ipo, pwani ina mawe yake mengi, ila huzama taratibu mno na hubaki kwenye sentimita chache za juu isipochanganywa kwa jembe. Jasi, inayochimbwa Kilwa, husafiri chini zaidi na hupunguza ukali wa alumini kule ambako jembe halifiki, ingawa haipandishi pH kama chokaa. Majivu ya jikoni yanafaa kwa miti michache ya karibu na nyumba. Gharama kubwa katika yote haya ni usafiri, na sijaona mpango wa ruzuku unaompa mkulima mfuko wa chokaa pamoja na mfuko wa salfa, ingawa kwa hesabu ya kemia mifuko hiyo ilipaswa kusafiri kwenye lori moja.

Kupima udongo maabara ni bora, lakini maabara ziko mbali. Anayetaka kujua mapema asiutazame mkorosho. Apande mistari miwili ya karanga chini ya miti iliyopuliziwa kwa miaka mingi, na mistari mingine miwili kwenye udongo wa aina ile ile mahali ambapo vumbi la njano halijawahi kufika, mbegu zikiwa za debe moja. Avune siku moja, amenye zote, na kuhesabu maganda matupu.